Ukiwa na Kidonda Huko Chini, HIV Inapata Short Cut: Hivi Ndivyo Soja wa Mwili Hurukwa

Leo tunaongea sukari, lakini si ya chai. Hii ni sukari virusi huwa nayo juu ya mwili wao, na wewe uko na protini ambazo kazi yao ni kuishika. Zinaitwa lektini. Usiogope hilo jina, mimi chuo niliachia katikati na bado nimeelewa.

Chukulia mwili wako ni ploti pale Umoja. Ukuta ni ngozi laini ya sehemu za siri. Hapo kuna masoja, yaani seli za kinga. Soja haulizi mgeni jina, anacheki koti. Virusi, bakteria na kuvu wengi huvaa koti la sukari kama manosi, imepangwa vile seli zetu hazivai sana. La HIV ni nzito manze: karibu nusu ya uzito wa ile protini yake ya nje ni sukari.

Lektini ndio mkono wa huyo soja. Chini imejishikilia kwa seli, katikati iko na shingo, juu iko na kichwa. Kwa kichwa kuna kalsiamu, na hapo ndipo sukari hunasa. Kichwa kimoja pekee hushika kilegevu, ndio maana hizi protini hutembea na mbogi. Langerini hukaa tatu tatu, DC-SIGN nne nne. Zikishika zote pamoja, mgeni habanduki.

Sasa skiza. Langerini iko kwa masoja wa juu kabisa ya ngozi. Mwaka wa 2007, watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa ikinasa HIV, inaivuta ndani ya seli na kuivunjavunja. Kesi imeisha.

DC-SIGN iko kwa masoja wa ndani zaidi. Hawa hukamata mgeni na kumpeleka stesheni, kwa tezi, ndio maaskari wa CD4 wamwone. Kwa wadudu wengi hiyo ni poa. Shida ni kwamba HIV inawatafuta hao hao CD4. Mwaka wa 2000, watafiti wa Uholanzi walipata maabarani kuwa virusi hivyo vinaweza kubebwa na DC-SIGN vikiwa bado na nguvu, mpaka kwa CD4. Yaani soja amemlipia mwizi nauli.

Na hii si story ya majuu. Hapa Majengo, Pumwani, Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walianza miaka ya 80 kufuatilia afya ya wanawake wanaouza ngono. Utafiti huo ulisaidia kuonyesha kuwa vidonda vya sehemu za siri hupandisha hatari ya kupata HIV.

Sasa unaona sababu moja. Kidonda ni ukuta umebomoka. HIV inaruka langerini, inaingia ndani moja kwa moja, na inakuta CD4 wamejaa hapo kupigana na kidonda.

Kwa hivyo ukiona kidonda huko chini, usinunue dawa ya kubahatisha halafu unyamaze. Enda kliniki, na uende na mtu wako. Tumia CD. Na kama mambo yaliharibika jana usiku, uliza PEP leo: lazima uianze ndani ya masaa 72, na mapema ndio bora. Pitishia mbogi yako hii, kuna msee ananyamaza na kidonda saa hii.