Baba yuko posti ya usiku, binti yuko Lubumbashi: nani atajibu mesaje?

Mwaka uliopita kamarade wetu mumoja wa karieri alitoka posti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, vumbi likiwa bado usoni. Alipowasha telefoni alikuta mesaje kumi na moja, zote za binti yake anayesoma mwaka wa pili kule Lubumbashi. Ya mwisho ilisema: «Papa, jina yangu haiko ku liste ya mitihani. Banasema sikulipaka. Bordero iko mu mikono yangu. Nifanye nini?»

Baba huyu alikuwa amelipa. Tunajua vizuri, maana delege wa sendika ndiye aliyemusaidia kupata avansi ya mushahara. Binti alituma picha ya bordero kwa namba ya WhatsApp iliyobandikwa mulangoni mwa ofisi. Kimya. Akajaza fishi kwenye ukurasa wa intaneti wa shule. Ukurasa ukamwandikia kwamba ombi lake limepokelewa, basi. Siku ya tatu baba aliomba ruhusa bila mushahara, akapanda basi toka Kolwezi, kilometa karibu 300, akalala kwa shemeji yake, asubuhi akapanga mustari mbele ya ofisi.

Pale ndani mutu mumoja alifungua kompyuta na kutazama. Herufi moja ya jina ilikosewa wakati wa kuandika malipo, kwa hiyo pesa ya mutoto ilikuwa imekaa kwa jina la mutu ambaye hayuko duniani. Kusahihisha kulichukua dakika kumi. Lakini mitihani miwili ilikuwa imekwisha kupita, na binti aliingoja mpaka sesio ya pili.

Hatutaji shule ile. Haya yanatokea pengi, na wazazi wengi wa migodi watajitambua katika habari hii. Tunaiandika juu ya jambo moja: binti alikuwa na telefoni, ofisi ilikuwa na kompyuta, ukurasa wa intaneti ulikuwa wazi, na bado ilibidi baba apande basi. Vyombo vilikuwepo vyote. Mutu wa kujibu ndiye aliyekosekana.

Zamani shida ilitembea kwa miguu

Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines wanakumbuka. Shule ilikuwa ndani ya kampi, hospitali ndani ya kampi, na bamama walikuwa na fwaye yao. Mutoto akiwa na shida, mzazi alienda kumuona mwalimu jioni, wakaimaliza palepale. Kisha kampuni ikaanguka. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile mipango ya «départs volontaires», na mambo mengi yaliyokuwa kazi ya kampuni yakarudi kwa mabega ya familia.

Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure. Univasite haiko bure. Mutoto akipata diplome d'Etat, mzazi wa mugodi anaanza safari ingine: minervali, nyumba ya kupanga, silabisi, na ile pesa ya kujiandikisha kwa mitihani ambayo wanafunzi wanaiita «enrôlement». Tena mzazi haoni tena mutoto jioni. Yeye yuko Kolwezi, Fungurume ao Likasi, na mutoto yuko mbali.

Juu ya hayo umekuja mpango wa LMD, ulioenea katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani tulijua mambo mawili tu: amepita ao ameanguka. Leo mwanafunzi anahesabu kredi, 180 kwa licence ya miaka mitatu, na anaweza kupanda mwaka huku akibeba deni la kozi. Wazazi wengi wametuuliza kwenye ofisi ya sendika: «Mutoto anasema alipita, lakini iko na deni. Njo nini hii?» Ni ulizo la haki. Lakini nani wa kulijibu? Si delege wa mugodi. Ni chuo.

Musaada wa mwanafunzi ni nini?

Tukisema musaada kwa mwanafunzi, wengi wanafikiri pesa tu. Kuna mengine: kumuonyesha namna ya kujiandikisha, kumukumbusha tarehe ya mwisho, kumupa alama zake bila kumuzungusha, kusahihisha kosa la jina, kumushauri fakilte gani inafaa, kumusikiliza akigonjwa ao akifiwa.

Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kupita kwa telefoni. Malipo yanaweza kupita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kila malipo yana namba yake ambayo haipotei kama karatasi. Alama zinaweza kuonekana kwa namba ya matrikile, bila watu mia mbili kusukumana mbele ya kioo kimoja. Maulizo yanayorudi kila mwaka yanaweza kujibiwa mara moja, kwa maandishi, kwa wote.

Tuko na mufano mumoja wa mbali ambao unatufundisha. Kule Marekani, mujini Atlanta, kuna chuo kikuu cha serikali kinaitwa Georgia State University. Wanafunzi wake wengi wanatoka familia zenye makuta kidogo, kama sisi. Kila mwaka vijana walikubaliwa, wakasema tutakuja, kisha katika miezi ya likizo wakapotea. Hawakukataa masomo. Karatasi ndizo ziliwashinda: fishi za kuomba musaada wa pesa, hati za shule, tarehe za mwisho. Nyumbani hapakuwa na mutu aliyepita njia hiyo mbele yao.

Mwaka 2016 chuo kile kiliweka programu ya kujibu maulizo, kikaiita Pounce. Katika likizo ile ya kwanza tu ilijibu mesaje zaidi ya 200.000. Watafiti waliwapa wanafunzi wamoja programu hii, wengine hawakuwapa, kisha wakalinganisha. Upande wa waliopewa, kupotea kulipungua kwa kadiri ya sehemu moja juu ya tano.

Hatusemi vyuo vyetu vinunue mashine ile. Tunasema watazame namna ilivyopangwa. Ya kwanza: ilipita kwa SMS ya kawaida, ile inayoingia hata katika telefoni ndogo ya tochi, bila mega. Ya pili: haikungoja mwanafunzi alie. Ilimwandikia yenyewe: karatasi yako fulani haijafika, mwisho ni tarehe fulani. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa: majibu yalitayarishwa na watu wanaojua kazi, na ulizo ambalo programu haikuweza lilienda kwa mutu. Nyuma ya mashine kulikuwa na watumishi wenye kazi hiyo.

Kwetu inakatikia wapi?

Inakatika kwanza kwa mega. Mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku hawezi kununua forfe kila juma ili afungue ukurasa mzito wenye picha za wakubwa. Umeme nao ukikosekana siku mbili, telefoni imekufa, na tangazo lililotumwa siku ya Jumanne analisoma siku ya Alhamisi, tarehe imepita. Mwezi wa 3 mwaka 2020, vyuo vilipofungwa juu ya Covid, tuliona wazi. Mutoto mwenye kompyuta na forfe aliendelea kusoma kidogo. Mutoto wa kampi alirudi nyumbani na kungoja.

Inakatika pia kwa CP. Pahali pengi njia ya kweli ya habari ni grupe ya WhatsApp ya promosio, na mwenye kuishika ni CP, mwanafunzi kama wengine. Tunawashukuru hawa vijana, wanafanya kazi kubwa bila mushahara. Lakini mutoto aliyeibiwa telefoni hayuko tena katika grupe, na habari ya CP si barua ya chuo. Ikiwa na kosa, nani atajibu?

Kisha kuna wezi. Mutu anaita mzazi: «Mimi ni wa univasite, mutoto wako atafukuzwa leo, tuma makuta ku namba hii.» Mzazi anaogopa, anatuma. Mahali ambapo chuo hakina namba moja inayojulikana, kila namba inaweza kuwa ya chuo.

Tukumbuke vilevile pesa ya RAM. Tangu mwaka 2020 tulikatwa uniti katika telefoni zetu, mpaka kelele za wananchi zikafanya iondolewe mwaka 2022. Tangu siku zile wazazi wengi wakisikia «tutapanga yote kwa telefoni» wanasikia «tutakula tena makuta yenu». Tunawaelewa. Njo maana tunasema: mwanafunzi asilipe kitu kwa kuuliza ulizo.

Kuna jambo moja tunalosema kwa heshima. Mugodini watu wanakufa. Tumezika makamarade, na kisha ya matanga mutoto wa marehemu anarudi Lubumbashi bila baba na bila minervali. Fishi ya intaneti haiwezi kumupokea mutoto huyo. Telefoni imupeleke upesi kwa mutu mwenye cheo, atakayeketi naye na kupanga namna ya kulipa kidogo kidogo. Mashine ikichukua kazi ya kusema ofisi inafungua saa ngapi, watumishi watabaki na wakati wa kazi hii.

Tunaomba nini

Kwa vyuo tunaomba mambo manne.

Moja: namba moja ya simu na ya SMS, iliyotangazwa wazi, na jina la kazi ya mutu anayeijibu kila siku. Kila ombi lipewe namba yake, na jibu litoke ndani ya siku mbili za kazi.

Mbili: SMS ya kukumbusha mbele ya kila tarehe ya mwisho. Mwanafunzi akikubali, SMS hiyo ifike pia kwa mzazi. Tunasema akikubali, juu ni mutu mukubwa.

Tatu: mwanafunzi mwenye bordero ao namba ya malipo ya telefoni aingie mutihani, kosa la jina lisahihishwe nyuma. Chuo kikiona alidanganya, alama zake zitazuiwa. Lakini asiadhibiwe kwa kosa la kidole cha mwandishi.

Nne: yule asiyekuwa na telefoni nzuri abaki na mulango. Ofisi isifungwe kwa sababu kuna ukurasa.

Kwa makampuni ya migodi, Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inawadai watoe 0,3 % ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Na katika redevansi ya migodi, 15 % ni haki ya komine na maeneo yanayochimbwa. Hapo ndipo chumba kimoja chenye umeme, kompyuta kumi na intaneti kinaweza kutoka, katika kila site ya wafanyakazi. Wakati wa kuandika mahitaji ya jamii, watu wanataja barabara na maji, na ni haki. Tutaje pia chumba hiki. Delege asiyesema hapo asilalamike kesho.

Sisi wazazi, tuanze leo

Jina la mutoto liandikwe kila pahali vile liko kwenye diplome, herufi kwa herufi. Kosa la kamarade wetu lilianzia pale.

Ukilipa, piga picha ya bordero palepale, mbele ya kutoka banki. Picha ikae katika telefoni mbili, yako na ya mutoto. Ukilipa kwa M-Pesa ao nyingine, usifute SMS ya malipo. Namba yako ya siri usimupe mutu, hata akisema yeye ni rektere.

Mutoto akiandika kwa ofisi, asiandike «bonjour» tu na kungoja. Aandike yote katika mesaje moja: jina lote, fakilte na promosio, matrikile, tarehe ya kulipa, namba ya bordero, na shida kwa mustari mumoja. Mesaje ya namna hiyo inaweza kujibiwa bila kuuliza tena, na inabaki ushahidi kwamba alisema mapema.

Mwisho, tuulizane habari mbele ya shida. Yule binti alikaa siku mbili bila kusema, juu alijua baba yuko kazini chini na hakutaka kumuhangaisha. Siku zile mbili zingetosha kusahihisha.

Tangu habari ile, ofisi yetu ya sendika imefungua daftari. Kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, delege mumoja anaandika kesi za wanafunzi wa wafanyakazi: jina limekosewa, malipo hayaonekani, alama hazikutoka. Kesi zikifika kumi za chuo kimoja, tunaandika barua moja na kuipeleka wenyewe. Mzazi mumoja mbele ya kioo anaambiwa arudi kesho. Barua yenye majina kumi na mukono wa sendika inapokelewa kwa namna ingine.

Kwa hiyo leteni bordero. Hata ile ya mwaka uliopita.