Nyumba ya ubatizo iliyopoteza kisima chake

MGENI afikapo mjini Florence, Italia, jambo la kwanza ni kukimbilia milango ya dhahabu. Atawakuta watu wamebanana mbele yake wakipiga picha, kisha wanakwenda zao. Lakini hiyo ni milango tu, msomaji mpenzi. Ndani ya nyumba yenyewe mna kisa ambacho kila mzazi angefaa kukisikia.

Nyumba hiyo ni ya ubatizo, nayo ina jina la Yohana Mbatizaji, msimamizi wa mji huo. Ina pande nane, na kuta zake zimevishwa marumaru nyeupe na za kijani. Yasemekana ilitabarukiwa na Papa Nicholas wa Pili mwaka wa 1059. Imesimama peke yake mbele ya kanisa kuu, kwani zamani mtu alibatizwa kwanza, ndipo akaingia kanisani.

Kwa karne nyingi watoto wa Wakristo wa Florence walibatizwa hapo. Mtoto wa mwenye benki na mtoto wa mfumaji wa sufu walipitia kisima kimoja. Mwandishi Giovanni Villani, aliyefariki mwaka wa 1348, alieleza kuwa padri aliweka harage jeusi kwa kila mvulana na jeupe kwa kila msichana, ili ajue idadi yao. Kwa mwaka walifika kati ya 5,500 na 6,000.

Mmoja wa waliobatizwa hapo ni mshairi Dante, aliyezaliwa mwaka wa 1265. Siasa zilimfukuza mjini mwaka wa 1302. Akiwa uhamishoni aliandika kwamba alitamani kurudi avishwe taji la ushairi penye kisima alichobatiziwa. Ole wake! Alifia Ravenna mwaka wa 1321 bila kukiona tena.

Sasa turudi mlangoni. Fundi Lorenzo Ghiberti alianza kazi ya milango hiyo mwaka wa 1425, akaimaliza mwaka wa 1452. Ni picha kumi za Agano la Kale, zilizotengenezwa kwa shaba na kupakwa dhahabu. Inasimuliwa kuwa Michelangelo alisema inafaa kuwa milango ya Paradiso. Mafuriko ya mto Arno ya mwaka wa 1966 yaling'oa picha tano. Ile unayoiona nje ni nakala iliyowekwa mwaka wa 1990. Milango halisi imo katika jumba la makumbusho nyuma ya kanisa kuu.

Ukiingia ndani, wenyeji watakuelekeza darini, palipopambwa kwa vijiwe vya rangi tangu karne ya 13. Kristo wa Siku ya Hukumu peke yake ana zaidi ya mita nane. Mwaka wa 2023 mafundi walianza kazi ya miaka kadhaa ya kuzitengeneza picha hizo.

Mimi nakuomba utazame chini. Sakafu yote imepambwa kwa marumaru za nakshi, lakini katikati pana mahali patupu, pasipo urembo wowote. Hapo ndipo kilipokuwa kile kisima kikuu.

Kilikwenda wapi? Mwaka wa 1577 mtawala Francesco de' Medici, aliyekuwa amezaa na mkewe mabinti watupu, alipata mvulana, Filippo. Furaha ikawa haina kifani. Ili ubatizo wa mrithi huyo upate nafasi ya fahari, aliamuru kisima kivunjwe. Mwenye nguvu mpishe, na watu wa Florence wakampisha. Kisima kilichowapokea watoto wao kizazi baada ya kizazi kikatoweka kwa ajili ya sherehe ya siku moja.

Filippo alifariki mwaka wa 1582, hajatimiza miaka mitano. Francesco mwenyewe alimfuata mwaka wa 1587, na kiti chake kikachukuliwa na nduguye.

Ukutani kipo kisima kingine, kidogo, cha karne ya 14. Lakini pale katikati hapajajazwa hadi leo. Mzazi anayepanga sherehe kubwa ya ubatizo angesimama hapo kidogo, akakumbuka kwamba kwa hesabu ya yule padri wa kale, Filippo naye angekuwa harage moja tu, jeusi kama la mtoto wa mfumaji.