Mafuta Yanayochagua Shaba

Katika ukanda wa madini unaopita kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kaskazini mwa Zambia, mbale zenye malakiti, yaani madini ya kijani yaliyobeba shaba, hazipelekwi zote tanurini, bali nyingi husagwa na kulowekwa katika asidi ya salfuriki. Asidi hiyo haibagui: huyeyusha shaba, na pamoja nayo kobalti, chuma, manganisi na magnesiamu, hata ukabaki mmumunyo wenye gramu chache tu za shaba katika kila lita, ambao hakuna chujio liwezalo kuutenganisha.

Zamani shaba ya namna hii iliangushwa kwa kutumbukiza vyuma chakavu, ikatoka chafu na kuhitaji kuyeyushwa upya. Mwaka 1968, katika mgodi wa Bluebird jimboni Arizona, Marekani, ilianza kutumika kibiashara njia nyingine, ambayo ni kuukoroga mmumunyo pamoja na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yaliyotiwa kemikali ya jamii ya oksimi. Molekuli mbili za oksimi hukamata ayoni moja ya shaba, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, na kuachia ayoni mbili za hidrojeni, kwa hiyo shaba huhamia kwenye mafuta ilhali ukali wa asidi hurudi majini. Uzuri wa mbinu hii umo katika uteuzi wake, kwani asidi ikiwa kali kiasi cha pH 2 hivi, oksimi hushika shaba na kuiacha kobalti, ambayo hainaswi mpaka ukali huo upungue zaidi.

Baada ya kukorogwa, mchanganyiko huachwa utulie katika birika pana, mafuta yakaelea juu. Lakini vumbi laini la mawe likiingia, hujenga kati ya tabaka hizo mbili utando mzito unaomeza mafuta ya thamani. Moto nao ni hatari ya kweli, kama ilivyoonekana katika mgodi wa Olympic Dam, Australia, mwaka 1999 na tena 2001.

Mafuta yaliyojaa shaba hukutanishwa na asidi kali, yenye gramu 180 hivi kwa lita, na mwitikio wote hugeuka kinyume: shaba huachiliwa, mafuta hurudi kazini, na umeme huigandisha shaba kwenye bamba za kathodi kwa usafi wa asilimia 99.99, huku asidi ikizaliwa upya. Huko Chingola, Zambia, mtambo wa Nchanga ulianza mwaka 1974 kuchopoa shaba hata katika mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa.

Kobalti inayobaki majini huondolewa kwanza chuma, alumini na manganisi, kisha huangushwa kwa magnesia ikiwa unga wa haidroksaidi. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya unga huo huondoka Kongo ungali ghafi, ukaenda kusafishwa China, ambako mafuta yenye kemikali nyingine huitenga kobalti na nikeli.