Mji wa Bandari Husomwa Kuanzia Majini

Abiria wa meli ya kitalii ana bahati moja ambayo mtalii wa ndege hana: anaufikia mji kwa mlango wake wa mbele. Miji ya kale ya bandari katika ukanda wa joto, iwe Zanzibar au Cartagena ya Kolombia, ilijengwa ikimtazama mtu anayetoka baharini. Ngome, forodha, kasri la mtawala na nyumba za ibada viliwekwa pale nahodha angeviona kabla hajatia nanga, ajue mji ni wa nani na nani atamtoza kodi. Lakini abiria wengi saa hiyo wamelala, au wako mezani na chai. Wakishuka hupanda basi moja kwa moja hadi ufukweni au madukani. Jioni wanarudi melini wamechoka, na mji umewapita.

Siku moja inatosha kuuelewa mji wa bandari, mradi ujue saa zako ni ngapi na uanze na maswali yanayofaa.

Saa kumi za kwenye ratiba

Meli za kitalii husafiri usiku na kufunga gati mchana. Kutoka Mombasa hadi Unguja, kwa mfano, ni kama maili 130 za baharini. Meli inayokwenda maili 16 kwa saa huzimaliza kwa saa nane hivi. Abiria hula cha jioni katika bandari moja na kuamkia nyingine.

Ratiba ikisema meli itakuwapo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, usihesabu saa kumi. Meli ikishafunga gati, maofisa wa uhamiaji na afya hupitia nyaraka zake kabla ngazi haijafunguliwa kwa abiria. Waliolipia ziara za meli kwa kawaida hutangulizwa. Meli ikitia nanga nje na watu wakaletwa pwani kwa boti ndogo, foleni hurefuka zaidi. Jioni nayo, abiria hutakiwa wawe wamerejea nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga. Zinabaki saa saba au nane, na kati ya hizo, kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana jua halimpi nafasi mtu wa kutembea kwa miguu.

Kuna sheria moja isiyobembelezwa: meli huwasubiri abiria waliochelewa kwenye ziara iliyowauzia yenyewe, lakini aliyejitafutia gari lake haisubiriwi. Anayetembea peke yake na apange kurudi mapema. Pwani yetu ina mtego mwingine. Dereva akisema atakufuata saa tisa, mgeni anaweza kuelewa saa tatu, kwa kuwa saa ya meli inahesabiwa kuanzia usiku wa manane. Andikeni muda kwa tarakimu, 15:00, na kila mmoja abaki na karatasi yake.

Swali la kwanza: maji yenye kina yako wapi?

Mombasa ni kisiwa chenye milango miwili ya bahari. Ule wa mashariki, unaopita mbele ya Mji wa Kale, ndio uliopokea majahazi ya Oman, Ghuba na India kwa karne nyingi. Mwambao huu una maji yanayojaa na kupwa sana. Wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita nne. Jahazi lilifaidika na hali hiyo. Maji yakipwa lilikaa mchangani, likakwanguliwa, likapakwa mafuta, likashusha mzigo. Meli kubwa ya chuma haiwezi kuishi hivyo. Ndiyo maana shughuli zilihamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, kwenye kina kirefu, ambako ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia 1896. Hadi leo meli ya kitalii hufunga gati huko, katikati ya makontena, na mji wa kihistoria uko ng'ambo ya kisiwa. Mgeni asiyelijua hilo huitazama Mombasa kuanzia kisogoni.

Cartagena hali ni tofauti. Katika Karibi maji hupanda na kushuka kwa chini ya nusu mita, hivyo tatizo halikuwa kupwa. Tatizo lilikuwa ni kuchagua mlango. Ghuba yake ina milango miwili: Bocagrande, mpana na ulio karibu na mji, na Bocachica, mwembamba, kusini. Katika karne ya 18 Wahispania walijenga ukuta wa mawe chini ya maji kuuziba ule mpana, ili kila meli ilazimike kupita kwenye ule mwembamba, chini ya mizinga ya ngome mbili, San Fernando na San José. Meli kubwa za leo bado zinaingilia Bocachica. Abiria aliyeamka mapema akasimama sitahani hupita katikati ya ngome hizo, akatazama pande zote mbili pale pale ambapo adui alitegwa.

Swali la pili: nani aliogopwa?

Bandari tajiri hujengewa ngome dhidi ya mtu fulani hasa, na ukimjua mtu huyo umejua nusu ya historia yake. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliiteka Cartagena na kutoza fidia ili aiachie. Mwaka huo huo mfalme Felipe II wa Hispania alimtuma mhandisi Mwitaliano, Battista Antonelli, kuchora ulinzi wa bandari za Karibi. Katika miaka hiyo hiyo Mturuki Mir Ali Bey alikuwa akiingia pwani ya Afrika Mashariki na merikebu zake, na alikamatwa Mombasa 1589. Felipe wakati huo alikuwa mfalme wa Ureno pia. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati.

Kwa hiyo pembe zilizochongoka za Ngome ya Yesu na kuta za Cartagena ni matunda ya elimu moja ya vita, chini ya mfalme mmoja, katika bahari mbili. Ile ya Mombasa haikudumu mikononi mwa Wareno. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698, kisha wao wenyewe wakajenga Ngome Kongwe ya Unguja, ukingoni mwa bahari.

Swali la tatu: kodi ililipwa wapi?

Forodha ndiyo kitovu cha mji wa bandari, na soko lake halikai mbali. Unguja, ushuru ulitozwa pwani pale panapoitwa Forodhani. Katika karne ya 19 sultani alikodisha kazi hiyo kwa wafanyabiashara Wahindi, na nyumba ya Jairam Shivji ikajijengea utajiri kwa karafuu na pembe za ndovu zilizopita hapo. Watu pia walipitishwa hapo kama bidhaa. Kutoka pwani hadi Mkunazini, lilikokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873 na kanisa kuu la Kianglikana kujengwa mahali pake, ni mwendo mfupi wa miguu.

Cartagena imepangwa vivyo hivyo. Ukipita lango la Mnara wa Saa unaingia uwanja ambao zamani ulikuwa soko la watumwa, na uwanja wa forodha umepakana nao. Wengi waliouzwa hapo walitoka Kongo na Angola. Waliotoroka walianzisha vijiji vyao porini, na kimoja, San Basilio de Palenque, kipo hadi leo. Lugha yake imechanganya Kihispania na maneno ya Kikongo. Wanawake wa kijiji hicho ndio wanaouza matunda katika mitaa ya Cartagena, na ndio watalii hukimbilia kuwapiga picha. Anayejua walikotoka huwanunulia matunda kwanza.

Mpangilio wa siku

Amka kabla ya alfajiri kupambazuka, uwe sitahani meli inapoingia. Saa za asubuhi zitumie kwa miguu, ukitoka majini kuelekea ndani: ngome, forodha, soko, nyumba za ibada. Jua likikaza, ingia makumbusho, kisha ule chakula cha mchana mjini. Mlo wa melini umeshalipiwa, na kwa sababu hiyo abiria wengi hurudi kula huko; mji uliowapokea unaambulia nauli ya teksi na bei ya kofia.

Waongozaji wetu nao wana nafasi hapa. Ziara nyingi za Mombasa huanzia ndani ya Ngome ya Yesu, kwenye mizinga, na mgeni aliyeshukia Kilindini haelewi ilikuwa ikielekezwa kwa nani. Nusu saa ya boti mbele ya Mji wa Kale kabla ya kuingia ngomeni ingemweleza kuliko maelezo ya ukutani. Pesa za boti hiyo zingebaki kwa mwenye chombo wa Mombasa badala ya ofisi ya kampuni iliyo nje ya nchi. Msimu wa meli hizi kwetu huangukia zaidi kaskazi, bahari inapotulia. Miezi ya kusi inatosha kabisa kuwaandaa wenye boti na waongozaji.