Kartasi ya kesho na usingizi wa mufanyakazi



Kwa disipanseri tunaona mara nyingi mufanyakazi wa posti ya usiku anayekuja kuomba dawa ya usingizi. Anasema analala muchana lakini usingizi hauji, na akiupata ni saa mbili tu, kisha anaamka. Tunapima damu, tunapima tansio, tunaangalia macho. Mara nyingi hatuoni ugonjwa. Halafu tunamuuliza ulizo moja: kisha kutoka kazini asubuhi, ulifanya nini?

Basi anaanza kueleza. Alishuka kwa bisi saa moja. Alikwenda ofisi ya muji kutafuta kartasi ya kuzaliwa ya mutoto, akasimama kwa mustari mupaka saa tano. Alirudi nyumbani, akapanda juu kupiga misumari kwa mabati. Saa nane akakumbuka kwamba minervali ya masomo haijalipwa, akatoka tena. Alilala saa kumi, na saa kumi na mbili watoto walimuamusha. Saa nne ya usiku yuko tena kwa lango la kazi na kaske yake kichwani.

Kidonge hakitamusaidia mutu huyu. Kila kitu kilimukuta siku ileile, kwa sababu yote ilikaa ndani ya kichwa na hakuna iliyopewa saa yake. Usingizi ndio ulipata mabaki.

Usingizi mufupi na hatari ya kazi

Mutu mukubwa anahitaji kulala saa 7 ao zaidi kwa kila siku ya saa 24. Mwili hauulizi kama ni muchana ao usiku. Unadai deni lake. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi ya mikono na macho sawa na mutu mwenye nusu gramu ya pombe katika litre moja ya damu. Akifika saa 24 bila kulala, ni sawa na mutu mwenye karibu gramu moja.

Sasa fanya hesabu. Ukiamka saa kumi na mbili ya asubuhi, ukashinda na kazi za nyumba, ukaingia posti saa nne ya usiku, basi saa tano tayari umetimiza zile saa 17. Posti inapokwisha, umetimiza saa 24. Hakuna shefu wa ekipi atakayekuacha upande kamyo ya tani nyingi ukinuka pombe. Usingizi hauna harufu, ndiyo sababu unapita langoni bila kusimamishwa.

Saa mbaya zaidi ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya usiku. Wakati ule joto la mwili linashuka na akili inakuwa nzito, hata kwa mutu aliyelala vizuri. Kama alilala saa mbili tu, macho yanaweza kufungwa kwa nukta chache, na yeye mwenyewe hajui. Nukta chache zinatosha mbele ya mukanda unaozunguka, ao kwa mutu anayeongoza mashini katika njia ya chini ya udongo.

Kuandika mbele ya kulala

Wengi wanajua kartasi ya kazi za siku, ile ambayo mutu anaandika asubuhi. Mimi nawaomba muiandike mbele ya kulala. Kwa mutu wa posti ya usiku, maana yake ni asubuhi, kisha kuoga na kula.

Sababu iko. Mwaka 2018, katika chuo kikuu cha Baylor kule Texas, Marekani, vijana 57 walilala katika nyumba ya kupimia usingizi. Mbele ya kuzima taa, kila mutu aliandika muda wa dakika 5. Wengine waliandika kazi walizokwisha kufanya. Wengine waliandika kazi zinazobaki kwa siku zinazokuja. Hawa wa pili walipata usingizi karibu dakika 9 mbele ya wenzao, na wale walioandika kwa ukamilifu zaidi waliupata upesi zaidi. Utasema dakika 9 ni kidogo, tena vijana wale walilala katika chumba kimya, pasipo jogoo wala radio ya jirani. Ni kweli. Lakini bei yake ni dakika 5 na ukurasa mumoja, na kwa hesabu ya disipanseri hiyo ni dawa rahisi sana. Jambo lililoandikwa, kichwa hakina tena kazi ya kulilinda.

Namna ya kuandika

Chukua kaye ya masomo ya mwaka uliopita. Karibu kila nyumba ina kurasa nyeupe zilizobaki nyuma. Kwanza andika saa za kazi. Pili andika saa za kulala, kwa mufano: kulala saa mbili ya asubuhi mupaka saa tisa. Hizo mbili ni kuta za nyumba. Mambo mengine yataingia katikati, na kama hayaenei, yatangoje kesho.

Kisha andika mambo matatu tu. Nimeona kartasi yenye mambo kumi na tano. Ile inakuwa fimbo ya kujipiga nayo, na siku ya tatu mwenyewe anaitupa. Tena usiandike "mambo ya mutoto". Andika "saa kumi, kulipa minervali, feza ziko ndani ya sanduku". Mutu akiandika hivi anaona mara moja kama feza hazipo, na hatapoteza safari.

Jambo lisilofanyika, lipeleke kwa ukurasa wa kesho. Likipelekwa mara tatu, kuna kitu. Pengine si kazi yako, mupe kijana mukubwa ao ndugu. Pengine halina lazima, basi likate.

Kuna mambo yasiyopangwa, kama kilio. Hakuna mutu wa kwetu atakayeacha kwenda kwa matanga kwa sababu ya kaye, na mimi sitamuomba hivyo. Lakini siku ile kata yale mambo matatu, usikate usingizi. Kama ulikesha kweli, mwambie shefu wa ekipi mbele ya kushuka, ili akupe kazi isiyo ya mashini. Ni vigumu kusema, najua. Ni vigumu zaidi kwa wenzako kukubeba.

Na kahawa? Ile unayokunywa saa kumi ya usiku, karibu nusu ya nguvu yake iko ingali mwilini saa tatu ya asubuhi, wakati unapotafuta usingizi. Kunywa yako mwanzo wa posti.

Saa ya dawa

Hapa kartasi inasaidia kuliko mahali pengine. Mavumbi ya mawe, yale yenye silisi, yanaharibu mapafu na kufungua mulango kwa kifua kikuu. Dawa za kawaida za kifua kikuu zinadumu miezi 6, na kikohozi kinapungua zamani mbele ya miezi 6 kwisha. Mutu anajisikia muzima, posti inabadilika, anasahau siku moja, kisha juma moja. Ugonjwa unarudi, na safari hii vidonge vya kwanza vinaweza kushindwa. Ni vilevile na dawa ya tansio: hauumwi popote, kwa hiyo hauikumbuki.

Andika dawa katika kaye kila siku, na ukikwisha kumeza, weka alama pale pale. Usiseme nitaweka baadaye. Alama inakuonyesha kwamba haukusahau, na inakukataza kumeza mara mbili. Posti ikibadilika, uje tukupangie saa mupya; usijipangie peke yako.

Kwa malaria ya watoto, kuna dawa moja, artemetere na lumefantrine pamoja, inayotolewa mara 6 kwa siku 3. Mara ya pili inakuja saa 8 kisha ya kwanza. Halafu asubuhi na mangaribi, siku mbili zinazofuata. Homa inashuka mara nyingi siku ya pili, na pale vidonge vinavyobaki vinawekwa ndani ya kopo kwa ajili ya mugonjwa mwingine. Mama, andika namba moja mupaka sita kwa ukurasa, na ukate namba moja kila mara mutoto anapomeza.

Kaye ni ya wawili

Siku ya mama wa nyumba inaanza mbele ya siku ya mume wake: maji, makala, soko, shamba, nguo za kazi zenye udongo. Baba akijiandikia peke yake, atajikuta ameandika kazi za mama pasipo kumuuliza. Kaeni pamoja zile dakika 5. Mama naye ana saa zake za kulala, nazo ziandikwe. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asiwe wa mwisho kuzima taa na wa kwanza kuamka.

Kwa asiyejua kusoma, mutoto wa masomo ataandika, ao ataonyesha kwa picha: kitanda, bomba la maji, chupa ya dawa, na saa pembeni. Hii inatosha kabisa.

Tundikeni ukurasa kwa mulango. Mugeni akibisha, ni haya kumurudisha, hata shemeji ataona ni mazarau. Lakini mama anaweza kumuonyesha kartasi: baba analala mupaka saa tisa. Watu wanakubali kartasi upesi kuliko wanavyokubali maneno, sijui sababu gani. Watoto nao watajua saa ya kucheza mupira mbali na dirisha.

Jambo moja kwa baba: kaye ibaki nyumbani. Kule chini kuna kartasi za kazi, na macho yako yawe kwa hizo. Mambo ya minervali na ya mabati yatakungoja kwa mulango.

Mutakapokuja disipanseri kuchukua dawa za kila mwezi, leteni kaye pamoja na karti ya mugonjwa. Tutaandika pamoja saa za dawa kufuata posti ya juma lile.