Kashata ya Korosho kwa Karamu ya Krismasi

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Disemba, na mikanju ya Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga ikawa imekwisha kuanza kuangusha makanju yake mekundu na ya manjano, kila kanju na korosho yake imening'inia nje kwa chini, ndipo jamaa waliotawanywa na riziki Mombasa, Nairobi na kwingineko waanzapo kuvuka kivuko cha Likoni kurejea Kwale kwa sikukuu ya Krismasi. Sadfa hii ya mavuno kukutana na sikukuu ni neema ambayo, kwa rai yangu, wapishi wetu hawajaitumia ipasavyo. Kwani aghalabu meza ya Krismasi hupambwa kwa biskuti za dukani na keki iliyoagizwa Ukunda, ilhali korosho, maziwa, nazi, iliki na sukari vimo mikononi mwa wenyeji wenyewe.

Kashata ya njugu na kashata ya nazi zajulikana na kila mtoto wa pwani: sukari huyeyushwa, njugu au nazi iliyokunwa hutiwa, mchanganyiko ukamwagwa juu ya sinia na kukatwa kwa mshazari ungali moto, na kinachopatikana ni kitu kigumu chenye kukwaruza ulimi, kizuri kwa namna yake. Ninayoikusudia hapa ni ndugu yake aliye laini, apikwaye kwa maziwa na siagi, ambaye Wamarekani humwita faji. Habari zake za kale zaidi zinazosimuliwa kwa yakini ni za mwanafunzi wa chuo cha Vassar, Emelyn Hartridge, aliyeandika katika barua kwamba tamutamu hiyo iliuzwa Baltimore mwaka 1886, naye akaipata kanuni yake, na mwaka 1888 akapika ratli 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wenziwe chuoni. Asije mtu akadhani basi kwamba ni jambo la kale mno au la kifalme. Lilikuwa tafrija ya wasichana wenye sufuria na jiko dogo.

Korosho nayo ni mgeni aliyekaa hata akawa mwenyeji, kwani mkanju asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani zetu katika karne ya 16. Sukari tuliwahi kuitengeneza wenyewe: kiwanda cha Ramisi kilianza mwaka 1927, kikafungwa mwaka 1988, na miaka mingi ikapita kabla ya Kwale International Sugar Company kurudisha mashamba ya miwa katika ardhi hiyo.

Anayeokota korosho shambani kwake na atahadhari kabla ya kuzibandika motoni. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye kuchoma na kubabua ngozi, na moshi wake huumiza macho na kifua. Kwa hiyo hukaangwa uwanjani, mbali na watoto, katika bati kuukuu au debe lililotobolewa, hata mafuta yakawaka moto yenyewe, kisha humwagwa mchangani na kufunikwa kwa mchanga zizimike, na mbanguaji hujipaka majivu mikononi. Asiyeweza taabu hiyo na anunue zilizokwisha kubanguliwa, wala asione haya kuchagua zilizovunjika, ambazo bei yake ni nafuu na ambazo zingekatwakatwa vivyo hivyo. Atakayetumia njugu badala ya korosho na azichambue moja moja, azitupe zenye ukungu na zilizosinyaa, kwani sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni.

Kwa sinia moja dogo yatosha sukari nusu kilo, maziwa mililita 300, siagi gramu 100, korosho gramu 200, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe mbili tatu, na kijiko kimoja cha asali, ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya utamu na sababu yake nitaieleza. Sufuria iwe nzito na kubwa kuliko unavyodhani, maana maziwa yakichemka na sukari hupanda ghafla. Viyeyushe vyote, ghairi ya korosho na iliki, kwa moto mdogo, ukikoroga hata usisikie tena sukari ikikwaruza chini ya mwiko; ndipo uongeze moto, ukoroge polepole chini kabisa maziwa yasije yakaungua. Wenye jiko la makaa watalazimika kuondoa makaa kidogo kidogo, kwa kuwa jiko hilo halijui kupunguzwa kwa kitasa. Shira ikifikia nyuzi 114 imeiva, na asiye na kipimajoto na adondoshe tone katika bakuli la maji ya barafu: likikusanyika vidoleni kuwa kidonge laini chenye kubonyea, ipua hima.

Sasa ndipo wengi waharibupo kazi, kwani mtu akiisha kuipua shira huona kuwa kustarehe ni uvivu, akaendelea kuikoroga ingali moto. Shira iliyochemka hivyo imebeba sukari nyingi kuliko maji yake yawezavyo kuishika, na sukari hiyo yangoja kisingizio tu igeuke punje. Ukiikoroga ikiwa moto, punje chache huzaliwa na kila moja hupata nafasi ya kunenepa, na kashata hutoka ya mchanga. Ukiiacha bila kuigusa wala kuitikisa hata chini ya sufuria pakashikika kwa kiganja, yaani karibu nyuzi 45, kisha ukaipiga kwa mwiko kwa nguvu bila kupumzika, punje huzaliwa kwa pamoja maelfu kwa maelfu, ndogo hata ulimi usizitambue. Asali ile kazi yake ni kuzizuia punje zisishikamane mapema. Sukari iliyoganda kingoni mwa sufuria nayo ni hatari, kwa kuwa punje moja ikianguka huwaita wenziwe. Ifute kwa brashi iliyolowa maji wakati shira ingali jikoni. Kwa joto la Diani kupoa huko huchukua muda mrefu, na mwenye kutaka kuharakisha aiweke sufuria juu ya maji baridi, asiitikise.

Upigapo utaona mng'aro ukififia na mwiko ukawa mzito. Hapo tia korosho na iliki, mwaga upesi katika sinia lililopakwa samli, sawazisha, na ukate kabla haijakauka kabisa. Apendaye ladha ya nyumbani na abadilishe nusu ya maziwa kwa tui zito la nazi.

Jambo moja zaidi laipa kashata hii daraja mbele ya keki ya Krismasi yenye mvinyo: Kwale wengi ni Waislamu, na tamutamu isiyo na kileo wala jelatini huliwa na jirani bila ya kuuliza. Sahani ya Krismasi iendayo kwa jirani hairudi tupu. Idi ikifika hurejea na kaimati au mkate wa sinia.

Hewa ya bahari ina unyevu, na sukari huufyonza, hivyo vipande na vifungwe kwa karatasi na kuwekwa katika mkebe wenye mfuniko wa kubana, mahali pa kivuli. Ikitokea imekuwa ya mchanga, irudishe sufuriani pamoja na maziwa kidogo, iyeyuke yote, uichemshe tena mpaka nyuzi zile zile, kisha uipoze upya. Ikiwa laini mno isiyokatika, ivingirishe vidonge vidogo katika nazi iliyokunwa na kukaushwa, na wageni hawatajua kuwa hukuikusudia hivyo.