Je, Wajua? Kunona si Kushiba

Je, wajua kuwa nyati wa Milima ya Chyulu, Makueni, hajawahi kufugwa akakamuliwa? Nyati wa maziwa asili yake ni Asia. Afrika utamkuta Misri. Ukambani tunakamua ng'ombe na mbuzi, lakini unono wao hupimwa kama wa nyati wa India: jicho, mkono, na alama kutoka 1, mifupa mitupu, hadi 5, mafuta tele.

Wajua tumbo hudanganya? Ng'ombe aliyetoka kunywa kwenye bwawa la mchanga huko Kitui huonekana amenona, na mwenye mimba ndiye mwongo zaidi. Achana na tumbo, shika kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Ncha za mifupa zikichoma kiganja, huyo ni 2 au chini. Ukizipata kwa kubonyeza kidogo, 3. Ukibonyeza sana ndipo uzihisi, 4. Kisha tazama shina la mkia: mashimo marefu pande zote mbili ni dalili mbaya.

Mbuzi je? Mafuta yake mengi yamo ndani ya tumbo, kwa hiyo papasa na kidari.

Wajua zebu, ng'ombe mwenye nundu, ana kipimo chake? Mwaka 1986 Nicholson na Butterworth, wa kituo cha utafiti wa mifugo cha ILCA, Addis Ababa, walitoa mwongozo wa madaraja 9: matatu ya waliokonda, matatu ya wastani, matatu ya walionona.

Wajua ng'ombe wa maziwa afadhali azae akiwa na 3 hadi 3.5? Wiki za mwanzo chakula hakimtoshi, hivyo sehemu ya maziwa hutoka kwenye mafuta ya mwili wake. Akishuka zaidi ya alama moja, joto la kutaka dume huchelewa. Aliyenenepa kupita kiasi naye akizaa hususia chakula.

Wajua taarifa za ukame za NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame, kwa Kitui na Makueni hutaja hali ya mwili wa mifugo pamoja na umbali wa maji na unene wa mkono wa mtoto?

Ukambani mvua za kutegemewa ni za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo Septemba ndiyo mifugo hukonda zaidi. Wa kuuzwa apimwe Julai, kabla hajakonda. Mnunuzi wa soko la Emali hahitaji karatasi ya alama. Hupitisha mkono kiunoni, akataja bei.